Mwanafunzi wa Bibi Dimbab

Lunsa hakumpenda yule kijana tangu alipomwona anashuka mtumbwini na begi lake mgongoni, anachekacheka na kila mtu kama mgombea wa udiwani. Wenzake Lunsa walikuwa wameshamtandikia mkeka. Ndivyo walivyo watu wa nyumba ile ndefu ya Mto Enserai, jamaa nyingi chini ya paa moja: mgeni akipanda ngazi tu, kila chumba kinafungua mlango, kila chumba kinatoa sahani barazani, na ole wake aliyekula kwao asubuhi. Lunsa naye alitoa sahani yake, maana hakutaka kusemwa, ila aliitua chini kwa kishindo.

Kijana alisema kwa Kimalei kwamba anaitwa Kelvin, kwao ni Ipoh, ng'ambo ya bahari, na mama yake ni Mchina. Amechumbia msichana wa Kiiban, kabila la watu wa nyumba ile, anayefanya kazi mjini Sibu. Lakini wakwe hawamtaki, kwa kuwa akienda kwao anakaa kama gogo, hajui hata kusalimia. Basi alikuwa anaomba akae hapo mpaka mavuno yapite, awasaidie kazi, nao wamfundishe maneno ya kila siku tu: ya kusalimia, ya kula, ya kuaga. Aliyasema hayo amepiga magoti, mikono kaibana katikati ya mapaja. Wanawake waliyeyuka. Mama Sudau wa chumba cha jirani alimfinya shavu, akasema kama hao wakwe hawamtaki, yeye anaye binti.

Lunsa aliuliza huyo mchumba ni wa nyumba gani. Wa Mto Katibas, alijibu Kelvin. Katibas ni ndefu, alisema Lunsa, nyumba ya nani? Bibi yake mzaa mama anaitwaje? Kelvin akacheka, akasema hajawahi kuuliza. Sasa hilo lilimkwama Lunsa kooni. Kwenye mito ile msichana anaweza kukuficha umri wake, anaweza kukuficha hata mume, lakini jina la bibi yake atakutajia kabla hujamaliza kikombe cha kwanza, kwa sababu lazima mhakikishe kwanza kuwa nyinyi si ndugu. Mchumba gani huyo asiye na bibi?

"Mama Nyanggau nawe," Mama Sudau alimwambia, "hata paka akikatiza hapa utamwuliza katoka wapi."

Watu wakacheka. Mama Nyanggau ndilo jina walilomwita Lunsa wote, kwa ajili ya mwanawe aliyekwenda Johor kuchomelea vyuma na sasa alikuwa anakuja sikukuu kwa sikukuu, nyingine akiruka. Lunsa aliingia zake chumbani. Wacheke tu.

Alikuwa na sababu. Kampuni ya michikichi ilikuwa imeshameza ardhi ya majirani wa chini ya mto, na sasa ilikuwa inaumezea mate mlima wa nyuma, walikokuwa wakilima mpunga kwa zamu na ilikokuwa midoriani, miti ya matunda ya babu zao. Kampuni ilidai mlimani hakujawahi kukaa mtu, ni pori tupu tangu dunia iumbwe. Cha kuwaziba mdomo kilikuwa kimoja tu: makaburi ya kale ya watu waliojenga nyumba ya kwanza, yenye mitungi ya zama zile. Waliojua yalipo walikuwa wachache, kwa kuwa hapaingiliwi hovyo na msitu ulikuwa umeshapafunika. Baada ya mavuno maafisa wa ardhi wangekuja kuyaona kwa macho yao. Hadi siku hiyo Entalai, mzee wa nyumba, aliwaonya watu wafunge midomo, maana kwa wale majirani wa chini tingatinga lilipita juu ya makaburi kabla afisa hajafika, na afisa alipofika akaonyeshwa udongo mwekundu.

Shamba la pilipili manga la Lunsa lilikuwa huko huko mlimani. Mlima ukienda, angeishia kwenye chumba cha kupanga mjini Bintulu, yeye na mama yake mzee, anauza mboga za watu. Hilo alikuwa analiwaza akiamka, analiwaza akichota maji. Halafu mnamletea kijana asiye na bibi mkwe mnamwambia karibu.

Na balaa lenyewe likaja kukaa nyumbani kwake. Bibi Dimbab, mama yake Lunsa, alimnyakua Kelvin siku ya pili yake. Kikongwe yule alikuwa na maneno mengi na wa kumpa hana. Wajukuu wote wako mijini, wakipiga simu wanasema mtandao mbaya wanakata. Sasa kapata mtu anayekaa miguuni pake asubuhi na jioni, anarudia kila anachoambiwa. Akamwanzishia pale wanapoanzia watoto. *Kini ka nuan*, unakwenda wapi. *Ari ni nuan*, umetoka wapi. *Udah makai*, umekula? Pale watu hawaulizani hali wakipishana njiani. Wanaulizana unakwenda wapi na umetoka wapi, na asiyejibu anatiliwa mashaka. Lunsa aliona hayo yanamfaa kabisa. Kila alipokutana na Kelvin kwenye ngazi alimpiga nayo uso kwa uso, unakwenda wapi, umetoka wapi, naye Kelvin alijibu kwa kigugumizi cha mwanafunzi, "Mimi kwenda kuoga. Mimi toka kuoga," na kila mara taulo alikuwa nalo.

Kijana alikuwa mchapakazi, hilo hata Lunsa hakulikana. Alianika pilipili manga, alibeba magunia, alitwanga majani ya muhogo mpaka mikono ikawa ya kijani. Alijifunza kuomba chumvi. Alijifunza kusema wali mtamu, na kusema basi, inatosha, jambo ambalo kwenye nyumba ile ni la kuokoa maisha. Jioni watu walipokaa barazani kuzungumzia mambo ya ardhi, yeye alikaa pembeni ya Bibi Dimbab, anabangua popoo za tambuu ya bibi, huku wenyeji wanasema yote kwa Kiiban bila kujali. Si haelewi? Maneno aliyonayo ni ya chumvi na kuoga.

Lakini Lunsa alimtazama yeye, hakuwatazama wazungumzaji. Siku moja Mama Sudau alisimulia kisa cha mumewe kushikwa na tumbo kanisani, kisa kibaya kisichofaa mbele ya wakwe, na baraza zima likaanguka kwa vicheko. Kelvin alichelewa kucheka, kama inavyompasa mgeni anayecheka kwa kuwa wengine wanacheka. Ila kabla ya hapo, pale kisa kilipokolea na hajacheka mtu bado, Lunsa aliona ameuma mdomo wa chini na kuinamia kisu chake. Kijana alikuwa anazuia kicheko. Alimwambia Mama Sudau kesho yake walipokuwa mtoni. Mama Sudau akamwambia huo sasa ni ugonjwa, atafute dawa.

Akamgeukia mama yake. Alimwambia wazi kwamba mdomo wake utawaponza. Leo anamfundisha kijana maji na moto, kesho atamfundisha kilima na mto, keshokutwa atakuwa anamhadithia nani kazikwa wapi, maana mzee akianza hadithi hajui kuisimamisha. Bibi Dimbab alijibu kwamba mdomo wake ni wa zamani kuliko Lunsa na haujamponza mtu. Lunsa hakuridhika. Alikwenda kumwambia Entalai, akamwambia mke wa Entalai, akawaambia wanawake kwenye mkeka wa kupepetea mpunga: kama siri ya nyumba hii ikitoka, itatokea kwenye jino moja la mama yangu, msije kusema sikuwaambia. Watu walianza kumtazama bibi kizee kwa jicho la pembeni. Akianza kusimulia mambo ya kale mbele ya Kelvin, mmoja anakohoa, mwingine anamwomba tambuu.

Siku iliyomvuruga kabisa Lunsa ni ile aliyorudi kutoka shamba na kuwakuta wawili hao barazani peke yao, Kelvin anaonyesha kwa vidole kitu kirefu kilicholala. Alikuwa anamwuliza bibi, kwa maneno yake ya kuvunjikavunjika, mtu akifa mnasemaje, babu akifa mnaweka wapi. Bibi Dimbab alikuwa ndio kwanza anatafuna, anajiandaa kujibu. Lunsa alitupa kapu chini. Alimfokea mama yake kwa Kiiban cha mbio, kile cha watu wa juu ya mto ambacho hata watu wa mji wa Kapit wanakisikia nusu. Thubutu, alimwambia. Thubutu umtajie njia panda ya vijito, umtajie kisiki cha mti wa chuma, au mitungi iliyo nyuma ya maporomoko, uone kama nitakupikia tena kwenye nyumba hii! Mama yake alimtazama bila kufumba macho. Kelvin naye alikuwa anawatazama kwa zamu, mdomo wazi, na walipomaliza aliuliza kwa upole, "Mama hasira? Mimi kosa?"

"Hujakosa," Bibi Dimbab alimjibu. "Kula."

Siku zikapita, mpunga ukawa wa dhahabu, na Lunsa akaanza kuchoka na wasiwasi wake mwenyewe. Labda kweli ni ugonjwa. Kisha ikaja asubuhi ya kahawa.

Wanaume walikuwa wanavuka kwenda kukata nguzo, mtumbwi unawangoja, wanamwita Kelvin kwa mbinja. Bibi Dimbab alikuwa ameshamtengea kikombe cha kahawa na biskuti, akaingia ndani kutafuta sukari. Kelvin alisema kwa sauti kwamba yeye rudi kunywa, akashuka ngazi mbio. Lunsa alikuwa nyuma ya mkeka wa pilipili, ameinama, haonekani. Akasikia miguu inarudi. Kijana alipanda tena, barazani hakuna mtu, akachovya ncha ya kidole kwenye kahawa, akakitia ulimini, akagusa biskuti, akaondoka. Hakuangalia kulia wala kushoto. Ilikuwa kama mtu anavyojifuta jasho, mkono unajua kazi yake.

Lunsa alikaa chini palepale kwenye pilipili.

Kwao chakula ukishakaribishwa hukiachi hivi hivi. Kama huna nafasi ya kula, kiguse, onja hata kwa kidole. Ukikiacha bila kukigusa umejitafutia *puni*, na *puni* haina mchezo: ni nyoka, ni mamba, ni mti kukuangukia njiani. Mjomba wake Lunsa aliacha kahawa mezani kwa sababu ya ubishi tu, na jua halijawa kali alikuwa ameletwa kwenye machela, mguu umevimba, meno ya nyoka yanaonekana. Lakini hayo ni ya watu wa huku. Watu wa ng'ambo hawayajui. Walimu na manesi waliokuja kutoka huko miaka yote hiyo walisema asante nimeshiba, wakaondoka kifua mbele, na ikabidi wanawake wawakimbize na sahani hadi gatini ili wasife. Mtu hafundishwi hilo ukubwani likamwingia mkononi. Unapigwa kofi na bibi yako ukiwa na meno ya utoto, tena mara nyingi.

Alimfuata mama yake ndani. "Wewe ndiye uliyemfundisha kugusa chakula?"

"Mimi namfundisha maneno," Bibi Dimbab alisema. "Hilo si neno."

Basi alikuwa mtoto wa nyumba ndefu. Alikuwa na bibi, tena bibi mkali. Na alikuwa anaelewa kila kitu tangu siku aliyoshuka na begi lake. Lunsa alianza kukumbuka yote yaliyosemwa mbele yake, na kila alipokumbuka moja alipigwa na joto. Entalai ametaja mbele yake maafisa wanakuja lini. Mume wa Mama Sudau amesema mbele yake kwamba yeye akipewa bei nzuri hatabisha. Na mama yake, asubuhi na jioni, peke yao, Mungu anajua amemwagia nini. Hasira za Lunsa zilimtosha kila mtu wa nyumba ile, kila chumba kwa zamu yake.

Alikwenda kumtafuta Entalai. Entalai alikuwa Kapit, atarudi kesho mchana. Na jioni hiyo hiyo Kelvin akatangaza, kwa Kiiban chake cha kujikwaa, kwamba kesho asubuhi yeye kwenda Katibas, salimia wakwe, rudi. Watu wakampigia makofi. Mama Sudau akamfungia samaki wa kukaushwa awapelekee. Lunsa hakupiga makofi. Alijua kijana huyo anapelekea watu kitu kingine kabisa.

Asubuhi aliamka akapika vizuri. Wali mpya, nguruwe mwitu wa moshi, majani ya muhogo. Aliteremka na sahani hadi gatini. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya matope, unakokota magogo. Ujai, mwenye mtumbwi, alikuwa anahangaika na kamba ya injini. Kelvin alikuwa amesimama na begi lake, tayari.

"Umekula, mwanangu?" Lunsa alimwuliza. "Nimekupikia. Karibu."

"Mimi shiba, mama. Asante," Kelvin alisema, na mkono wake ukaja juu ya sahani, taratibu, kidole cha mbele.

Lunsa akaivuta sahani.

Kelvin alitabasamu. Alinyosha mkono tena, na Lunsa akarudi nyuma hatua nzima, sahani kaikumbatia kifuani. Ujai aliacha kamba ya injini. Alikuwa mtu mzima, na hajawahi kuona mtu akikaribisha chakula kisha akakinyima. Hata adui hatendewi hivyo. Lunsa mwenyewe alijua anachokifanya ni kibaya, na angemwona mwingine anakifanya angempiga kwa mwiko.

"Si wewe wa Ipoh?" alimwambia. "Panda uende. Watu wa Ipoh hawadhuriki."

Kelvin aliweka mguu mmoja mtumbwini. Gogo kubwa likapita likikwaruza nguzo za gati. Akautoa ule mguu. Alitazama mto, akaitazama sahani, akatazama mto tena, na jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo ingawa jua lilikuwa halijapanda. Lunsa alingoja tu. Ndani ya moyo alikuwa anasema, panda basi, panda nijue nimekukosea, nikukimbilie na sahani yangu.

Hakupanda. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiiban safi, laini, cha watu wa chini ya mto.

"Mama, usinifanyie hivyo. Nipe niguse. Siwezi kwenda majini namna hii, unajua siwezi."

Ujai aliketi juu ya injini yake.

Lunsa alimwuliza jina lake la kweli. Ni Beragai, alisema. Nyumba yao ilikuwa kule ambako kampuni imeshachukua. Mama yake anaishi Bintulu kwenye chumba, na yeye ni dereva wa kampuni, ila waliahidi kumpa usimamizi akiwaletea mahali makaburi yalipo. Mchumba hana. Aliyasema yote macho yakiwa kwenye wali, haraka haraka, kama mtoto anayetaka kuachiliwa.

"Umeshawaambia?"

"Bado. Huku simu haishiki. Ndiyo nilikuwa nakwenda."

"Ukawaambie nini?"

"Njia panda ya vijito," alisema. "Kisiki cha mti wa chuma. Nyuma ya maporomoko."

Lunsa alifumba macho. Basi imekwisha. "Mama yangu," alisema. "Nilimwambia. Nilimwambia mdomo wake huo."

"Bibi hajaniambia kitu," Beragai alisema. "Nimemwuliza kwa kila namna. Kanifundisha kuomba maji na kuuliza watu kama wamekula, basi. Ni wewe, mama. Siku ile ulipokuwa unamfokea."

Alikumbuka kapu lililoanguka, alikumbuka sauti yake mwenyewe inapanda, alikumbuka kijana kakaa na mdomo wazi, na mama yake anamtazama yeye Lunsa bila kufumba macho. Alikuwa amemtaka kikongwe asiseme, na kwa kumkataza amelisema lote yeye mwenyewe, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Alitaka ardhi ipasuke. Ilipokataa kupasuka, aliinama akaiweka sahani juu ya mbao za gati, mbele ya miguu ya kijana, kwa sababu hata sasa hakuweza kumwacha mtu aende kwenye maji yale na *puni* kichwani.

"Kula," alimwambia.

Beragai aligusa. Aliweka vidole vyote vitano kwenye wali, akapumua, kisha akakaa chini akala kweli kweli, tonge baada ya tonge. Alipomaliza alikuwa huru. Angeweza kupanda mtumbwini na Lunsa asingeweza kumzuia, mwanamke wa umri ule na kijana wa kubeba magunia. Ujai alimwuliza kama wanaondoka. Beragai alikaa anatazama magogo yanavyopita. Alisema makaburi ya kwao yalikwenda na tingatinga na bibi yake alikuwa amezikwa humo. Yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kuliendesha tingatinga hilo juma lile. Halafu akachukua begi lake, akapanda ngazi kurudi juu.

Entalai alipofika mchana alikuta baraza limejaa. Beragai alipiga magoti katikati, akaeleza kwa Kiiban chake chote, na watu walimsikiliza kama waliomwagiwa maji. Mama Sudau alijifunika uso kwa kanga, akikumbuka vile visa vyake. Wengine walitaka atupwe mtoni, samaki wa kukaushwa na yeye. Entalai aliwatuliza. Aliamua kijana akae hapo chini ya macho yao, alipe faini ya nguruwe na kuku kwa kuidanganya nyumba, na maafisa wa ardhi waitwe mapema, kesho mtu aende. Na siku wakija, huyu huyu asimame aseme nani alimtuma na kutafuta nini. Beragai alikubali kila kitu.

"Sasa utuambie," Entalai alisema. "Mahali penyewe ulitajiwa na nani?"

Lunsa alikuwa amekaa karibu na mlango wake. Beragai hakumtazama. Aliinamia mkeka, akasema alisikia tu watu wakizungumza, hakumbuki ni nani.

Hakuna aliyemwamini. Na hakuna aliyehangaika kufikiri pia, kwa kuwa vichwa vyote vilikuwa vimeshageuka kumtazama Bibi Dimbab, mmoja baada ya mwingine, kama vile vimevutwa kwa uzi. Mama Sudau ndiye aliyelisema. Si Mama Nyanggau alituambia tangu mwanzo? Mwanawe wa kumzaa alituambia, tukamcheka. Minong'ono ikaenea baraza zima, na ilikuwa na hasira, maana mlima ule kila chumba kilikuwa na chake.

Bibi Dimbab alitema tambuu kwenye kopo lake. Alifuta mdomo. "Haya," alisema. "Ni mimi. Nitozeni."

Lunsa alijua kwamba mama yake alikuwepo siku ile na amesikia kila neno. Alimtazama kikongwe amekaa wima kwenye mkeka wake, mifupa mitupu, anajitwika jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshaandaliwa kumdhania nalo, na aliyewaandaa ni yeye Lunsa. Ingekuwa rahisi mno. Entalai asingemtoza mzee wa umri ule zaidi ya kuku mmoja, na kesho watu wangesema uzee ni uzee, wangesahau. Ilitosha Lunsa aendelee kukaa.

Akasimama.

"Mama anasema uongo," alisema. "Hakutaja kitu, hata siku moja. Niliyetaja ni mimi, hapa barazani, huyu kijana amekaa hapo. Nilikuwa namkataza mama asiseme."

Lunsa hakuweza kumtazama Mama Sudau, wala Entalai, wala Beragai, ambaye alikuwa amejaribu kumfichia. Alimtazama mama yake tu, akingoja amkemee.

Bibi Dimbab alikuwa anajitengenezea tambuu nyingine. "Nilikuwa sijui kama utasema," alimwambia.

Lunsa akakaa chini, akalia mbele ya watu wote.